Kiputo Kilichochelewa

Dada yangu amesoma hesabu mpaka hesabu zenyewe zinamwogopa. Miaka miwili alikuwa akiandika milinganyo ya kueleza jinsi kiputo cha hewa kinavyopanda ndani ya maji. Mimi, niliyeishia kidato cha nne, nilimwuliza kama kiputo chenyewe kimeomba kuelezwa.

"Nyamaza, shika saa," akasema.

Asubuhi hiyo profesa wake alikuwa anakuja maabara saa nne kuona kama milinganyo inakubaliana na maji. Isipokubaliana, dada anaanza upya. Kwa milinganyo hiyo, kompyuta ilisema kiputo kitapanda bomba la kioo lililojaa maji, mita mbili, kwa sekunde saba.

Dada akaachia cha kwanza. Kikapanda kama karani anayerudi ofisini baada ya chakula cha mchana.

"Kumi na nne," nikasoma.

"Soma vizuri!"

"Dada, hii ni saa, si barua ya mapenzi. Kumi na nne."

Cha tano nacho, kumi na nne. Dada akakaa sakafuni, daftari mapajani. "Miaka miwili," akanong'ona. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Nikajikaza kumfariji. "Angalau bomba linang'aa. Jana ulipotoka nililisugua lote."

Akainua kichwa. "Ukalisugua na nini?"

"Sabuni ya vyombo. Lilikuwa na vumbi."

"Ukasuuza?"

"Kiasi."

Nilijua napigwa. Badala yake akaruka akanikumbatia. "Sabuni inakivisha kiputo ngozi! Maji hayatelezi tena juu yake, yanakikwamisha. Milinganyo yangu ni ya maji matupu, we mjinga wangu!"

Tukasuuza mara sita kwa maji safi ya maabara, tukajaza upya. Profesa alitukuta mikono ikichuruzika. Dada akaachia kiputo. Nikabonyeza saa kwa kidole kilicholowa.

"Saba."

"Tena," profesa akasema.

"Saba na nukta moja."

Profesa akaangalia bomba, akaangalia kompyuta, akafunga kalamu yake. "Kaandike tasnifu," akasema, akaondoka.

Dada akaegemeza paji la uso kwenye bomba, akashusha pumzi ndefu hadi kioo kikaingia ukungu.

"Twende tukale," akasema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Nina njaa ya tangu juzi."