Mama Mkwe na Nyanya za Zambarau

Dobi alirudi kutoka hospitalini hoi, mgongo unamuuma kwa kukunja mashuka tangu alfajiri, akakuta lundo la nyanya changa mlangoni. Ngumu kama mawe, zambarau karibu na kikonyo, chini bado kijani.

"Mama, umezichuma tena?"

Mama mkwe wake alikuwa ameketi kwenye kigoda, anajifuta mikono kwa kanga. "Zimeoza, mwanangu. Ukiziacha zitaambukiza nyingine."

Miaka thelathini yule mama aliuza nyanya sokoni. Siku hizi kumbukumbu ilikuwa imemtupa mkono. Alisahau hata kama amekula. Lakini mikono haikusahau kazi. Ikiona nyanya nyeusi, inaitoa.

Mbegu dobi alipewa na fundi wa mashine za kufulia pale kazini. Fundi alimwambia zitazaa nyanya za zambarau, nyingine karibu bluu, na zitakuwa zimeiva kitako kikigeuka chekundu. Akapanda miche minne kwenye ndoo uani, apate walau kitu kimoja cha kutazama ambacho hakina doa la kutolewa. Miezi mitatu alimwagilia kabla ya kwenda kazini. Hakuwa ameonja hata moja.

Kueleza alieleza; mama aliitikia kwa adabu zote, kesho yake akachuma. Dobi akampigia simu mumewe, dereva wa lori aliyekuwa safarini, naye akacheka. "Mpandie nyekundu basi, yaishe." Dobi akakata simu. Rahisi kusema ukiwa umeshika usukani.

Jioni hiyo hakuwa na nguvu hata ya kugomba. Alichukua mifuko ya karatasi, akavifunika vishada vilivyobaki, vile vichanga ambavyo havijashika rangi, akafunga kwa uzi. Asichokiona hatakichuma.

"Mbona unazivalisha?" mama akauliza.

"Zinaona baridi, mama."

"Haya. Maskini."

Wiki zikapita, na mifuko haikuguswa. Siku yake ya mapumziko, dobi akafungua wa kwanza. Nyanya nyekundu. Wa pili, nyekundu. Nyekundu tupu, kama za kila meza sokoni. Akampigia fundi.

"Usiniambie umezifunika," fundi akasema. "Ah, dada! Ile zambarau inaletwa na jua. Lisipozipiga, rangi haiji."

Dobi akakaa chini kando ya ndoo. Alitaka kulia, lakini hata machozi yalikuwa yamechoka. Ikamtoka pumzi ndefu tu.

Mama akaja polepole, akachuma moja, akaibonyeza kwa kidole gumba, akainusa. Uso ukamchangamka. "Hizi ndizo nyanya sasa! Nani kazilima?"

"Mimi, mama."

"Una mkono mzuri, binti. Umeolewa wewe? Nina mwanangu, dereva. Si mvivu. Ngoja nimwambie."

Dobi akacheka mpaka akajishika kiuno. "Mwambie basi, mama. Ila mimi sitaki mtu wa safari."

"Hata mimi nilimkataza hizo safari," mama akajibu.

Dobi akazikata kwa kisu, wakala palepale uani, nusu kwa nusu, na chumvi kidogo. Zilikuwa tamu, hilo dobi hakulikataa. Kisha akajinyoosha mkekani, akasema dakika tano tu, na usingizi ukamchukua mchana kweupe, kisu bado mkononi. Mama akakitoa taratibu, akakiweka mbali.