Ng'ombe Hanyooshewi Kidole

Jumatatu ya tarehe sita Januari, mwaka elfu mbili ishirini na tano, saa mbili na nusu asubuhi, Mzee Ciza alikubali kuhesabu ng'ombe, na mambo yakaharibika papo hapo.

Miaka miwili alikuwa akiwaangalia kwa kujitolea kwenye malisho ya nyuma ya kitongoji cha Great Barr, huku ughaibuni, pale ngurumo ya barabara kuu ya M6 haikomi. Ng'ombe wa Uskoti, manyoya hadi puani, zizi hawalijui. Theluji huwalalia mgongoni isiyeyuke, nao wanatafuna majani makavu kana kwamba wako harusini. Tangu amzike mkewe Jeanne, ni wao tu waliomtoa kitandani. Kila asubuhi aliwapitia kwa majina, kisha akaandika kwenye fomu: "Wote wapo." Kwao alikozaliwa, kwenye milima ya Itombwe, ng'ombe hahesabiwi. Ukimnyooshea kidole na kumpa namba, umemwonyesha njia ya kuondoka.

Lakini wakubwa wa ofisi inayosimamia malisho, watu wa kukaa karibu na hita, wasiotofautisha ndama na mbwa, walituma barua: asiyejaza namba arudishe ufunguo wa geti.

"Mzee, si uandike tu kumi na moja, iishe?" alisema Leena, msimamizi wake, mzaliwa wa Nakuru. "Namba haiumi."

"Wewe uko na watoto wangapi?"

"Wawili."

"Ona! Unawataja kama viazi."

"Na bado wako kwangu! Mkubwa ana miaka thelathini, hataki kuhama. Hebu niwahesabu tena, pengine ataenda."

Ciza alikaza uso, ila masharubu yalimsaliti. Basi akahesabu. Kumi. Akarudia. Kumi. Aliyekosekana ni Mama-Mkwe, yule ng'ombe mwenye pembe pana na dharau.

"Nilisema miye! Wakubwa wenu wamemfukuza!"

"Mzee, saa hizi wakubwa hawajaamka."

"Ndiyo ubaya wao."

Walifuata nyayo kwenye theluji hadi vichaka vya miiba. Mama-Mkwe alikuwa amesimama huko, analamba kitu chekundu kinachofuka mvuke. Ndama.

"Kwa baridi hii!" Leena alishika mdomo. "Ulijua ana mimba?"

"Nilijua," alidanganya Ciza; manyoya yale yanaficha hata dhambi. Akavua kofia. "Usisogee. Hizo pembe hazina adabu."

"Unaona sasa? Namba haikupunguza, imeongeza."

"Nyamaza, Mama-Mkwe atakusikia!"

Simu ya Leena ikalia. Alisikiliza, akaiziba kwa kiganja. Ofisi ilitaka namba sasa hivi. La sivyo, ufunguo urudi leo.

Ndama aliinuka kwa miguu ya nyuma, akayumba, akaanguka kwa magoti. Mama yake akamsukuma kwa pua. Ciza alikuwa ameukamata ufunguo wa geti.

"Mzee," Leena alinong'ona, safari hii bila utani, "kumi na moja ni uongo, na kumi na mbili ni kumnyooshea ndama kidole, nawe hutaki. Niwaambie nini?"