Macho ya Mlingoti

Ofisini wananiita Mama Breki. Sijui nani alianza, ila jina lilinikaa na sasa hata mkuu wangu hulitumia kwenye vikao. Kazi yangu ni kukagua magari yaliyoua au kujeruhi watu. Gari likishagonga, polisi hulileta kwenye uwanja wetu, mimi nalizunguka na fomu, nagusa hiki, natikisa kile, kisha naandika kama lilikuwa zima au bovu. Likiwa bovu, mwenye gari ana kesi. Likiwa zima, dereva ana kesi. Fomu yenyewe ina visanduku kumi na viwili: breki, usukani, tairi, taa, honi na mengine ya aina hiyo. Nimeijaza miaka kumi na tisa, na kuna siku naijaza mkono ukiwa hapa na akili iko nyumbani imelala.

Nimechoka, sifichi. Magoti yangu yameisha, na magari nayo yamezidi kuota kwenda juu. Zamani ulifungua mlango ukakaa. Sasa unapanda, na mengine yana hadi ngazi pembeni, utadhani unaingia darini. Boneti zimevimba, vioo vya mbele vimekuwa vyembamba, na nguzo za kushikilia vioo hivyo zimenenepa mpaka zinaficha mtu mzima. Sijui nani aliwadanganya watengenezaji kwamba mtu anayekwenda kununua mkate anahitaji gari la kwendea vitani. Lakini fomu haina kisanduku cha kuuliza hayo, na mimi siulizwi.

Kwa ajili ya magoti hayo, miaka minne iliyopita nilijiwekea utaratibu wangu. Dereva akidai hakumwona aliyemgonga, na karibu wote hudai hivyo, simpandi tena mnyama huyo mwenyewe. Nampandisha konstebo wetu wa uwanjani. Ni baba wa watoto watatu, mtu mpole, mrefu kupita kiasi, tunamwita Mlingoti. Yeye anakaa kwenye siti, mimi nasimama mbele ya boneti na ndoo ya plastiki juu ya kigoda, naisogeza.

"Unaiona?"

"Naiona, mama."

"Na hapa?"

"Naiona vizuri tu."

Basi naandika: mbele kunaonekana. Tunakwenda kunywa chai.

Gari la mkunga lililetwa Jumatatu, wiki moja baada ya ajali. Lilikuwa la mumewe, jeusi, refu, jipya. Mkunga alisimama kwenye kivuko karibu na kituo cha afya anakofanya kazi, akapisha kundi la watu. Wakapita. Akatazama kushoto, kulia, mbele, akaona barabara nyeupe, akaachia breki. Kumbe kulikuwa na bibi mmoja bado anavuka, wa mwisho, anatembea na fimbo yake. Gari lilikwenda taratibu mno, hata mkwaruzo halikupata. Bibi alilazwa siku tatu, akafariki.

Shtaka lilikuwa uzembe uliosababisha kifo. Nikiandika kwamba gari ni zima na mbele kunaonekana, mkunga anakwenda jela miaka mitano. Hilo nililijua mimi, alilijua yeye, na alilijua vizuri zaidi binti wa marehemu, ambaye alikuja kulishuhudia likiandikwa.

Alifika Jumatano asubuhi. Sheria inawaruhusu ndugu wa marehemu kuhudhuria ukaguzi, ingawa huwa hawaji. Nani anataka kulitazama gari lililomuulia mama? Huyu alikuja. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, fundi cherehani, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni kana kwamba aliinuka tu kwenye mashine akatoka. Hakusalimia mtu.

"Ni hili?" aliuliza.

"Ndilo. Pole sana, dada."

"Pole nimeshapewa za kutosha. Nataka kuona unavyoandika."

Nilianza kuandika. Breki nzima. Usukani mzima. Tairi mpya, bado zina vinyweleo. Mlingoti akapanda, nikaweka ndoo juu ya kigoda.

"Unaiona?"

"Naiona, mama."

"Na hapa?"

"Hapo naona nusu. Nikiinua shingo naiona yote."

Nikaandika. Fundi alikuwa nyuma yangu, anasoma begani kwangu kama mwalimu wa zamu.

"Kwa hiyo alimwona," alisema. "Alimwona mama yangu akampitia."

"Angeweza kumwona. Mimi naandika tu kinachowezekana."

"Inatosha. Andika hivyo hivyo."

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye sehemu ya sahihi wakati lango lilipofunguliwa na mkunga akaingia. Alikuwa ameitwa aje kuchukua vitu vyake ndani ya gari kabla halijafungwa kwa ajili ya mahakama. Sikuwa nimemwona hata siku moja; mimi nakagua magari, siyo watu. Alikuwa mfupi. Siyo ufupi wa kusema huyu ni mfupi ukapita, hapana. Alinifika begani, na mimi mwenyewe siyo mrefu. Alimtambua fundi, akasimama palepale, akashindwa kwenda mbele na kushindwa kurudi.

"Dada," alisema. "Nakuapia, sikumwona."

"Usiniite dada."

Mkunga akainamisha kichwa, akalizunguka gari kwa mbali, akafungua mlango wa nyuma. Alichukua viatu vyake vya kazini, mwavuli, na mto mdogo wa sponji uliobonyea katikati. Mlingoti akakohoa.

"Huo mto ulikuwa siti ya mbele," aliniambia kwa sauti ya chini. "Niliutupa nyuma nilipolileta gari huku. Na siti ilinibidi niirudishe mpaka mwisho, magoti yalikuwa yananigonga kidevuni."

Aliyemsikia vizuri hakuwa mimi. Alikuwa fundi. Nilimwona anamtazama mkunga, na halikuwa tena jicho la chuki, lilikuwa jicho la kazi: kutoka unyayoni hadi nyongani, nyongani hadi begani, begani hadi utosini. Kisha akamtazama Mlingoti aliyekuwa amechomoza kwenye gari, kichwa kinakaribia kugusa paa. Uso wake ulibadilika, na nadhani angetoa chochote asiwe ameona alichokiona.

"Unampima nani?" aliniuliza.

"Vipi?"

"Nakuuliza unampima nani. Mimi mteja akija namkatia nguo kwa mwili wake. Sichukui vipimo vya jirani yake. Huyu," akamwonyesha Mlingoti kwa kidevu, "ndiye aliyekuwa anaendesha?"

Nilihisi joto linapanda shingoni, aibu ile ya mtu mzima anayeambiwa kitu ambacho hata mtoto angekijua. Ningeweza kutia sahihi. Kalamu ilikuwa mkononi, na aliyekuwa ananiuliza ndiye aliyetaka nitie. Nikaikunja fomu.

"Mlingoti, shuka," nilisema.

Tulimpandisha mkunga juu ya mto wake, siti tukaivuta mbele mpaka miguu yake ikafika kwenye pedali. Nikamwambia ashike usukani. Fundi wakati huo alikuwa ameivua tepu shingoni. Aliiteremsha kutoka ukingo wa boneti hadi chini.

"Arobaini na nane," alisema.

"Inchi?"

"Inchi. Mama yangu mgongo ulishapinda. Nguo zake nilikuwa naongeza inchi nne nyuma, napunguza mbele, ili pindo likae sawa akisimama. Miaka sita namshonea hivyo. Utosi wake ulikuwa arobaini na sita." Aliiviringa tepu polepole. "Arobaini na sita na nusu akivaa kilemba."

Nikainua ndoo. Akaninyang'anya, akaiweka chini.

"Mama yangu siyo ndoo. Nitapita mimi."

Akainama. Sijui niseme aliinama namna gani. Alijikunja mgongo, akaingiza shingo, akanyoosha mkono mmoja kama aliyeshika fimbo, na mbele yetu akasimama bibi kizee. Mlingoti aligeuka upande, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Fundi akaanza kutembea kutoka pembeni, hatua fupi fupi, za mtu asiyeamini miguu yake.

"Namwona," alisema mkunga kutoka juu. "Namwona. Nguzo hii... simwoni. Namwona kidogo. Sasa simwoni."

Fundi akaendelea kutembea. Kutoka nilipokuwa nimesimama nilimwona wazi, mwanamke mzima mbele ya gari, kwenye mwanga wa saa nne asubuhi. Nilihesabu hatua kumi na moja.

"Simwoni," mkunga alikuwa anasema. "Simwoni. Yuko wapi? Ameshapita? Mama, ameshapita?"

Hakuwa amepita. Alikuwa katikati kabisa, amesimama, mkono wake umeegemea boneti.

Mkunga alipoelewa alilia, kilio kikavu kisicho na machozi. Sikumbembeleza. Nilikuwa na kazi ya kufanya na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikuwa naifanya. Fundi aliinuka, akajinyoosha mgongo, akamwambia mkunga ashuke. Akapanda yeye, akajishusha mpaka macho yakafika yalipokuwa ya mkunga. Nikapita mbele nimejikunja, magoti yananililia, nikasikia sauti yake kutoka juu ikisema peke yake: "Hakuna mtu. Jamani, hakuna mtu."

Mkuu wangu hakufurahi. Niliandika kurasa mbili nikazibana nyuma ya fomu, na vipimo vyote, na hatua kumi na moja. Alizisoma akiwa amesimama.

"Mama Breki, gari lina hitilafu gani?"

"Halina."

"Limetoka kiwandani hivi hivi?"

"Hivi hivi. Ndiyo ubaya wake."

"Sasa mimi niandike nini hapa? Gari zima, dereva mzima. Bibi kajiua?"

"Andika ninavyokuambia. Mtu wa kimo chake akikaa pale haoni mbele. Na waliolichora lile gari walijua."

"Huna ushahidi kwamba walijua."

"Basi andika kwamba sasa sisi tunajua."

Alinung'unika, akasema nimezeeka vibaya, akagonga muhuri. Naye amechoka kama mimi. Kubishana kungemchukulia mchana mzima.

Mahakamani kurasa zangu zilisomwa, na fundi akaulizwa kama ana la kusema. Alisimama akasema amekaa kwenye siti ile na hakuona kitu. Hakuongeza neno. Mkunga alinyang'anywa leseni miaka miwili, jela hakupelekwa. Alitoka akiwa ameshikwa mkono na mumewe, akapita mbele yetu bila kuinua macho. Nilidhani ningejisikia nafuu. Niliona usingizi tu.

Fundi alinisubiri kwenye ngazi.

"Wangapi?" aliuliza.

Nilijua anauliza nini, nikajaribu kutojua. "Wangapi nini?"

"Uliowapima kwa macho ya yule mrefu, kabla ya huyu."

"Thelathini na mmoja," nilisema. Nilikuwa nimewahesabu wiki nzima, faili moja moja, nikimwambia karani natafuta kitu kingine. "Tisa walifungwa."

Nilimsubiri anitukane, ningemshukuru. Lakini alikuwa amechoka kunizidi, alikuwa amezika mama na kumwokoa aliyemuua katika mwezi mmoja.

"Haya," alisema. "Kawaambie." Akashuka ngazi akaenda zake.

Nilirudi ofisini, nikafunga mlango, nikachukua faili la kwanza. Dereva wa gari la kusambaza mikate, mwaka wa tatu gerezani kati ya sita. Alimgonga mtoto wa shule. Kwenye nakala ya leseni picha yake ilikuwa ya mtu mwenye shingo fupi na tabasamu la kuombwa. Nambari ya simu ilikuwa ya mkewe. Nilipiga nikiomba isiingie, ikaingia.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye niliyekagua gari la mumeo, ile ajali. Nilikosea. Nilipima kwa mtu mwingine, mrefu kuliko yeye. Nadhani mumeo alikuwa anasema kweli, hakumwona yule mtoto."

Nilisikia redio huko kwake, kisha nikasikia inazimwa.

"Karatasi yako ninayo," alisema. "Iliandikwa mbele kunaonekana."

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyeiandika."

"Mwaka wa kwanza nilikuwa naenda kumwona kila Jumapili. Kila nikienda ananiambia hakumwona, nakuapia mke wangu sikumwona. Mwisho nikachukua karatasi yako, nikamwonyesha kupitia kwenye nondo. Nikamwambia aache kunidanganya." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Sijaenda tena tangu siku hiyo. Watoto nao niliwakataza."

Nilimwuliza yuko gereza gani na siku za kumtembelea ni zipi. Akanitajia, nikaandika.