Mtu Asiyekuwemo Kwenye Kesi

Karani wa mahakama alizisukuma karatasi zikarudi chini ya kioo. "Nani amezipeleka kwa wakili wa mwenye nyumba?"

"Mimi mwenyewe," alijibu Filomena Trapasso, kifua mbele. "Nimembwagia mezani, pwaa! Mpaka kahawa yake imemwagika."

"Basi hujapeleka kitu, mama. Wewe ndiye mwenye kesi. Karatasi hupelekwa na mtu mzima asiyekuwemo kwenye kesi, halafu yeye mwenyewe anaapa kwamba amezifikisha. Nataka kiapo chake hapa leo, kabla ya saa kumi na moja. La sivyo, amri ya jaji haina kazi."

Filomena alizikusanya karatasi zake. Hiyo amri ndiyo roho yake. Alikuwa na njiwa sitini juu ya paa, kule mtaa wa Bushwick, na mwenye nyumba alishtaki ili banda lao libomolewe. Siku ya kesi Filomena hakutokea. Mayai yalikuwa yanaanguliwa, na yeye haachi kinda kwa ajili ya jaji wala Papa. Mwenye nyumba akapata ushindi wa chee. Filomena akaomba kesi isikilizwe upya, na jaji, Mungu amzidishie, akasaini kwamba banda lisiguswe mpaka ombi lisikilizwe, mradi karatasi zifike upande wa pili kama sheria inavyotaka. Zisipofika, Jumatatu mafundi wanapanda na nyundo.

Sasa azipeleke nani? Hapo ndipo kiherehere chake kilipomponza. Tangu kesi ianze alipita mlango kwa mlango na kalamu, akawatia wapangaji wa jengo zima ndani ya kesi wawe upande wake. Kinyozi wa chini, mwoka mikate, wale dada wawili wa ghorofa ya tatu, hata mzee kiziwi wa chumba cha nyuma, ambaye mpaka leo anadhani alisaini malalamiko ya bomba. Wote wana kesi! Haya, mama, jisifu sasa.

Kati ya watu aliowajua mtaani, alibaki mmoja: Turi Scaduto, mfuga njiwa wa ng'ambo ya barabara. Na huyo Filomena hajasema naye miaka tisa. Wafuga njiwa wa pale wana desturi yao: ndege wako akipotea akatua kwenye kundi la mwenzio, ameshakuwa wake, na huendi kumdai. Turi alimnasa jike jeupe aliloachiwa Filomena na marehemu mumewe. Filomena akaenda kumdai, mbele za watu. Turi akamkatalia, mbele za watu hao hao. Tangu hapo, hata salamu hakuna.

Alipanda ngazi za Turi ghorofa tano, magoti yakimlilia. Alimkuta juu ya paa na mwanzi wake mrefu wa kuongozea njiwa, akirusha kundi.

"Umekuja kumdai tena?" Turi aliuliza bila kugeuka.

"Nimekuja kukuomba."

Mwanzi ukashuka. Filomena alieleza yote, Turi akasikiliza, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Yaani banda lako likivunjwa, njiwa sitini hawana pa kulala. Watatua wapi, Filomena? Nitazame vizuri. Nimesimama hapa na mahindi mkononi, halafu nipande treni nikakuokoe?"

"Ndiyo."

"Huna haya, we mwanamke."

"Nilikuwa nayo. Imeishia ghorofa ya tatu."

Turi aliwamwagia njiwa wake yale mahindi. Akanawa mikono, akavaa koti.

Nje ya ofisi ya wakili Filomena alitaka kuingia naye, walau achungulie. "Kaa hapo hapo!" Turi alimkemea. "Ukizigusa wewe zinaharibika." Akakaa, akiuma kucha. Baada ya dakika tano Turi alitoka, amempa wakili mkononi kabisa.

Kule mahakamani kikabaki kiapo. Fomu ilitaka aeleze yule aliyepokea yukoje, na Turi aliandika kwa utulivu wa mtu anayeijua kazi yake. Karani akasoma kwa sauti: "Dume. Kijivu. Kifua kipana, shingo fupi. Hushtuka upesi." Akainua macho. "Bwana, huyu ni wakili au njiwa?"

"Si umeuliza yukoje?"

"Urefu, mzee! Uzito! Umri!"

Turi akajaza, akiguna. Akanyoosha mkono, akaapa, akasaini. Mhuri ukagonga saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Banda halitaguswa Jumatatu.

Kwenye ngazi za mahakama Filomena alimshika mkono wa koti. "Turi, kwa nini? Ungewapata wote sitini, bila jasho."

"Ningewapata. Halafu?" Turi alikuwa anatazama chini. "Kila asubuhi kabla sijarusha wangu, natazama kwanza kama umeshapanda. Nakuona pale, umenuna, unanitukana moyoni. Basi najua kumekucha. Paa lile likiwa tupu, mimi narusha njiwa nionwe na nani?"

Filomena hakuuachia ule mkono wa koti. Alilia pale pale, watu wakipita na mafaili yao, na wala hakujaribu kuyaficha machozi.