Na Mtani Wake

Mimi ni mwandishi wa mabango. Ingia Morogoro mjini, inua macho juu ya mlango wa duka lolote, na kuna uwezekano mkubwa herufi unazozisoma ni zangu. Saluni, duka la dawa, mama lishe, fundi simu, hata yule mganga anayejiita profesa, wote nimewaandika. Nimeandika majina ya watu mpaka mkono umekufa ganzi, ila langu sijawahi kuliandika popote. Bango haliwekwi jina la aliyeliandika, na mwenye duka hataki mshindani mlangoni kwake. Kwa hiyo Geofrey aliponifuata kibandani akasema, "Beri, kuna ukuta Mgeta, tuuchore wawili, na chini tunaweka majina yetu yote mawili," nilikubali hata hajamaliza kusema.

Geofrey Masanja ni Mnyamwezi wa Tabora, na kazi yake ni kuchora sura. Zile picha za vichwa vilivyonyolewa kwenye kuta za vinyozi mjini, nyingi ni zake. Mimi ni Mluguru wa hukohuko Mgeta, kwa hiyo sisi ni watani, na tumetaniana tangu siku tuliyokutana tukigombea ngazi moja. Yeye husema sisi Waluguru tunalima tumejifunga kamba kiunoni, tusije tukaporomoka na kabichi zetu. Mimi humuuliza kama michembe, vile viazi vyao vya kukaushwa, imekwisha kwao ndiyo maana kahamia kwetu kutafuta chakula. Asiyejua angedhani tunachukiana.

Mama yangu, Anastasia, alipofariki, Geofrey alipanda mpaka Mgeta. Kabla jeneza halijashushwa akajitosa kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, kwamba marehemu alimwahidi. Ndugu zangu walicheka huku machozi yanawatoka. Na mimi nilicheka. Kazi ya mtani msibani ndiyo hiyo na aliifanya vizuri, siwezi kumnyima haki yake.

Ila utani una sheria yake na kila mtu anaijua. Ukikasirika, umeshindwa wewe. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo, akakuvua kofia akaondoka nayo, nawe kazi yako ni kucheka na kutafuta namna ya kumrudishia.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa ghala jipya la wakulima wa mboga, pale malori yanapopakia kabichi na karoti kwenda Dar. Shirika moja la Dar lilisaidia kulijenga, na binti wa shirika hilo, Glory, ndiye aliyempa Geofrey kazi. Mimi nilikuja kama mtu wake Geofrey. Glory alipokuja kukagua aliniita "dada" tu, dada sogea kidogo, dada rangi hii inakauka saa ngapi. Sikujali. Jina langu lilikuwa njiani linakuja ukutani.

Mwanzo ulikuwa balaa tupu. Tulipiga kamba ya chaki katikati ya ukuta, kulia kwake, kushoto kwangu. Yeye akaanza kumchora mwanamke mwenye tenga la kabichi kichwani, mimi nikachora milima, matuta na njia ile ya miguu inayoshuka mpaka unaogopa kuitazama. Hatukusemezana ila kwa kugombea ndoo. Siku tuliyorudi nyuma kuangalia, Mzee Kondo, mwenyekiti wa wakulima, alikuwa amesimama pale na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hivi, hapa kwetu siku hizi kuna majua mawili?"

Tukaangalia. Kweli kabisa! Mwanamke wa Geofrey alikuwa anamulikwa kutoka kulia, milima yangu inamulikwa kutoka kushoto. Tena mwanamke mwenyewe alisimama wima kama askari wa gwaride, mwenye tenga la kabichi, kwenye mteremko ule! Nilimwambia Geofrey, "Huyu akipiga hatua moja tutamwokota kule chini Dakawa, kwenye mpunga." Akaniambia milima yangu imebandikwa kama karatasi za matangazo ya msiba. Tulitukanana vizuri, halafu tukachukua rola tukafuta kila kitu.

Hapo ndipo tulipojifunza kufanya kazi, na nisidanganye, zile zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kushika brashi. Tuliacha kugawana ukuta. Tukawa tunabadilishana: kila baada ya chai mmoja anaendelea pale mwenzake alipoachia, na hana ruhusa ya kufuta bila kuuliza. Nilimshukia njia ile nikiwa na ndoo ya maji kichwani, naye akikaa chini na penseli, mpaka akaona jinsi magoti yanavyokunjwa na shingo inavyobaki peke yake juu haitikisiki. Yeye akanifundisha kwamba kivuli si cheusi, kwamba ukitazama vizuri kuna buluu ndani yake. Mimi nikamfundisha herufi, jinsi ya kuzipa tumbo na kuzibana kiuno, kwa sababu juu kabisa ilitakiwa kuandikwa "Wakulima wa Mboga Mgeta" na mkono mmoja ungechelewa. Alishika haraka, yule kijana. Baada ya wiki hata mimi nilikuwa siwezi kutenganisha herufi yake na yangu.

Sura ya mwanamke tuliihangaikia kuliko vyote. Nilikuwa nampa Geofrey maneno, yeye anaweka mistari: mashavu yaliyoingia, paji pana, jicho linalotazama mahali mguu utakapokanyaga. Macho alichora yeye. Mdomo ulimshinda, akanipa brashi nikauchora mimi, umebanwa kidogo, wa mtu anayehesabu pumzi. Nilipotoka kwenye ngazi nikakuta ni mama. Mama mtupu! Nikakaa chini kwenye changarawe nikalia, na Geofrey akanisogezea kikombe cha chai bila kunitania hata neno.

Wanawake wa ghalani wakaanza kumsalimia. Mama yangu mdogo Maria, ambaye analima karoti juu kule, alikuwa kila asubuhi akipita anaachia mzigo mkono mmoja anampungia. "Umeamkaje, dada?" Anauambia ukuta. Sasa wewe fikiria.

Siku moja kabla ya ufunguzi kazi ilikuwa imebaki majina tu. Geofrey akasema mtu kujiandika mwenyewe ni kama kujisifu, bora kila mmoja amwandikie mwenzake. Nikaona ni wazo zuri sana, nikajilaumu kwa nini halikunijia mimi. Nikachuchumaa kona ya chini, nikamwandikia: Picha hii imechorwa na Geofrey Masanja. Sijawahi kuandika herufi nzuri kama zile. Ukungu ukashuka, kukawa na unyevu, akasema langu ataliandika asubuhi ukuta ukikauka. Nikaenda kwa mama mdogo kulala, nikapiga pasi gauni.

Asubuhi nilifika pamoja na watu. Ngoma inapigwa, wageni wamekuja na Glory kutoka Dar, wazungu na Waswahili, wamevaa raba nyeupe kwenye tope letu. Kona ile ilikuwa imezungukwa na watu na wanacheka. Nikapenya. Chini ya jina la Geofrey, kwa herufi zenye tumbo na kiuno, herufi zangu mimi, palikuwa pameandikwa: na mtani wake.

Basi. Na mtani wake.

Nilicheka. Ungefanya nini? Watu wote walikuwa wananitazama kuona nitajibu nini. Mzee Kondo anajishika mbavu, akina mama wanapiga vigelegele, "Mnyamwezi kakuweza leo!" Nikasema kwa sauti, "Kajina karefu hivi kalikuwa kanamshinda kuandika, Bernadeta, akaogopa kukosea," wakacheka zaidi. Moyoni nilijua atafuta. Utani umekwisha, sasa atachukua brashi aandike jina.

Hakuchukua. Hotuba zikaanza. Mgeni mmoja wa nje akauliza kile kilichoandikwa pale ni nini, na Glory akamtafsiria, nikaona mkono wake ukionesha kwamba mtani ni kama rafiki hivi, mtu wa kuchekesha. Halafu Glory akashika kipaza sauti akatangaza kwamba wamefurahi mno, na kwamba msanii wao Geofrey watampeleka Dar kuchora ukuta mkubwa wa shirika. Makofi. Geofrey akapewa kipaza sauti. Nikasimama vizuri kabisa, nikanyoosha gauni, maana sasa atasema tulikuwa wawili.

"Nawashukuru," akasema. "Namshukuru na mtani wangu huyu Mluguru, amenichanganyia rangi na amenishikia ngazi nisianguke. Na siku nzima hakuanguka yeye, maana alikuwa amejifunga kamba!"

Hee! Watu walicheka mpaka wakalaliana. Na wageni, walipotafsiriwa, walicheka pia, wakanitazama kwa huruma ile ya kumtazama mchanganya rangi.

Walipoanza kula pilau nikamvuta Geofrey nyuma ya ghala.

"Futa uniandike jina langu."

"Beri, jamani! Si utani? Mbona umecheka?"

"Nimecheka. Sasa futa. Halafu nenda kamwambie Glory tulichora wawili."

Akaangalia chini, akasugua kiatu kwenye jani la kabichi. "Nikimwambia sasa hivi nitaonekana mwongo. Wanataka msanii mmoja, Beri. Aliniambia wiki iliyopita. Niache nipite kwanza, mlango ukishafunguka nakuvuta na wewe."

"Wiki iliyopita?"

"Usikasirike, mtani."

Yaani alijua. Alipokuwa ananiambia kila mmoja amwandikie mwenzake, alikuwa anajua tayari. Na alichagua utani kwa sababu alijua ndio mahali pekee ambapo siruhusiwi kufungua mdomo. Ningemtukana pale mbele ya watu, wangesema Bernadeta hana akili, mtu anakasirikia utani! Nilimwangalia, nikamwambia, "Sikasiriki." Nikamwacha.

Ukuta wa nyuma wa ghala ulikuwa bado haujamalizwa kupakwa, na ndoo ya chokaa ilikuwa pale na rola yake ndefu. Nikaibeba nikaja nayo mbele. Watu wakaniona, wakaanza kushangilia, wameshaelewa: mtani anakwenda kulipa! Wakaacha sahani. Mzee Kondo akapiga kelele, "Mfute, mwanangu! Mfute huyo Mnyamwezi!"

Kwa kweli nilitaka kulifuta jina lake. Nilichovya rola, nikainama kwenye ile kona, nikaziangalia zile herufi. Nilishindwa. Zilikuwa nzuri mno, na zilikuwa zangu. Nikainuka, nikaanzia juu.

Jina la wakulima lilikwenda kwanza, halafu milima. Watu walicheka, wakapiga vigelegele. Nikashuka na matuta, nikashuka na njia. Glory akasogea na simu anarekodi, anacheka na yeye kwa sababu wenzake wanacheka. Geofrey alikuwa amesimama kando ya meza ya soda, meno nje, kicheko kimemganda usoni. Asingeweza kunishika mkono. Angenishika tu, kila mtu angejua haukuwa utani, na angetakiwa kueleza. Kwa hiyo naye alipiga makofi, mtani wangu. Alipiga makofi wakati nafuta kazi yake.

Nilipofika kwenye tenga kicheko kilipungua. Nilipofika kwenye paji la uso mama mdogo Maria akasema, "Beri. Hapo basi, mwanangu." Hakusema kwa nguvu. Ngoma ikanyamaza. Mimi mkono ulikuwa umeshazoea, juu chini, juu chini, chokaa inanichuruzika kwenye gauni la pasi. Macho ya Geofrey yakaenda, mdomo wangu ukaenda, shingo ikaenda. Nilikuwa nalia kwa sauti na sikuona haya. Nilimaliza mpaka magoti na vidole vya miguu, nikabakisha kona ya chini tu.

Mama mdogo Maria alijifunika kanga usoni akaondoka kupanda mlima bila kuniaga. Hajazungumza na mimi mpaka leo.

Ukuta ukawa mweupe pee, na pale chini, kwa herufi safi kabisa: Picha hii imechorwa na Geofrey Masanja na mtani wake. Hakuna aliyecheka. Geofrey aliingia ndani ya gari la shirika akafunga kioo, na sijui kama Dar walimpeleka au hawakumpeleka, sikuuliza.

Glory alinifuata nikiwa nanawa mikono kwenye pipa. Uso umemvimba kwa hasira, simu mkononi.

"Samahani, dada," akasema. "Unaitwa nani? Jina kamili. Lazima niandike kwenye ripoti ni nani aliyeharibu ukuta."

Nikamtajia. Hakulisikia vizuri, ikabidi nilirudie polepole, herufi moja moja, naye akiandika, mpaka nikahakikisha hajakosea.