Pua ya Gari la Daktari

"Mama Juliana, hivi gari nalo lina pua?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu Margareta asubuhi ya ndoa ya binti yangu, mwaka themanini na nne, tumekwama kando ya barabara ya mlimani, moshi mweusi umetufunika.

Gari lilikuwa la daktari mgeni, limekuja kwa meli kutoka Amerika. Faustin, mchumba wa Juliana, aliliazima twende kwa shemeji yangu Wenseslaus kuomba msamaha. Wakwe walikosea: mbege ya kwanza, pombe ya posa, waliileta kwangu mimi mjane, wakamruka yeye, mkubwa wa ukoo. Akaapa, "Kengele ya pili ya kanisa ikilia hamjaniletea isale, Juliana atafute mwingine wa kumkabidhi kwa mumewe." Kengele ya kwanza ilikwisha kulia. Hilo isale, jani letu la kuombea msamaha, Faustin amelishika kwa mikono miwili kama mshumaa wa Pasaka.

"Linayo pua, mama," alijibu Ebenezeri, fundi wa gari hilo na dereva wetu. "Ipo kwenye bomba la moshi. Inanusa hewa iliyobaki, inapeleka habari kwa waya mpaka kwenye kisanduku kinachopima petroli. Kikiambiwa hewa imezidi, kinaongeza petroli."

"Na leo?"

"Leo kinamwaga kama mlevi."

"Petroli ya kupangia foleni!" Margareta akashika kichwa.

Ebenezeri akauchomoa waya kwenye pua, akawasha. Moshi uleule.

"Ingekuwa pua inadanganya, moshi ungebadilika. Kisanduku bado kinasikia uongo, basi uongo uko kwenye waya. Umegusa chuma mahali."

Faustin akanipa isale, wakaingia wote wawili uvunguni. Nikaanza Salamu Maria. Sijafika katikati, sauti ikatoka chini:

"Nani kafunga majani tumboni mwa gari?"

Margareta akageuka kutazama migomba.

"Margareta!"

"Sasa, Mama Juliana, leo gari si ndilo mshenga wetu? Litaombaje msamaha bila isale? Nikalifunga chini, watu wa barabarani wasijue mambo ya ukoo."

"Kwa waya?"

"Kamba ya mgomba si ingekatika!"

Ulikuwa waya wa chanja yake ya kuanikia kahawa. Aliukaza mpaka ukachana ngozi ya waya wa pua, ukaushikiza kwenye chuma.

"Umelibana gari pua, mama!" Faustin alicheka huko huko chini. Nami, na kanga yangu ya kanisani, nikaegemea mlango nisianguke kwa kicheko. Ebenezeri akaukata ule wa kahawa, akauviringishia wa pua kipande cha mpira wa baiskeli, akauchomeka. Gari likatulia kama mtoto aliyepata ziwa.

Tunaingia kwa shemeji, kengele ya pili ndiyo inaanza. Faustin akapiga magoti na isale. Uso mzima masizi. Macho na meno tu.

"Shikamoo baba. Tulikuruka. Tusamehe."

Wenseslaus akamtazama, akanitazama.

"Huyu ndiye mkwe, au mchoma mkaa?"

"Ndiye, shemeji. Ukimwosha anatoka."

Margareta akapasuka kwa kicheko. Ndevu za shemeji zikaanza kutikisika. Akazifunika kwa kiganja. Akapokea isale, akavaa kofia, akatoka kuelekea kanisani.