Vibao Vitatu vya Katikati

Nilimwambia yule muuza vinanda kwamba akiendelea kutabasamu, nitapiga wimbo kwenye meno yake.

"Mzee, mmekitumia kupita kiasi," alisema. Alikuwa amekifungua kinanda cha umeme cha mjukuu wangu juu ya kaunta, akanionyesha mpira mrefu unaolala chini ya vibao. Mpira huo una vitufe vidogo vyeusi. Kibao kikibonyezwa, kitufe hugusa chini na sauti hutoka. Chini ya vibao vitatu vya katikati, vitufe vilikuwa vimelika vyote. "Waranti haihusu uchakavu. Na mpira wa aina hii hauletwi tena."

"Kupita kiasi? Kinanda ni cha kupigwa, bwana! Ulitaka tukifunike kitambaa tuwe tunakiamkia?"

Kweli, binti huyo, mjukuu wangu, alikuwa akipiga. Saa sita kwa siku, bila chumvi. Panya wa darini walihama, na wawili waliporudi walikuwa wanatembea kwa mdundo. Lakini ulibaki mwezi mmoja afanye mtihani wa kuingia chuo cha muziki, na nafasi ilikuwa moja tu.

Nikarudi nyumbani nimefura. "Mama," nikamwambia mjukuu wangu, "hivyo vitatu vitwange. Ukivitwanga vinalia."

Akavitwanga mwezi mzima. Baba yake hufanya kazi ya zamu na hulala mchana, kwa hiyo binti alivaa visikizi masikioni, sauti ikabaki kwake peke yake. Sisi wengine tulisikia tok tok tok ya plastiki tu, nami nikitikisa kichwa kama mjuzi.

Siku ya mtihani niliruhusiwa kukaa nyuma. Piano ya chuo ilikuwa ya mbao, nzito, haina kibao hata kimoja kigonjwa. Alianza polepole, vizuri kabisa. Kidole kikafika katikati. NGO! Mtahini akadondosha kalamu. NGO! tena.

"Binti, hiyo noti imekukosea nini?"

Nikasimama. "Mkosaji ni yule mwenye duka! Na mimi, niliyemwambia—"

"Babu, kaa chini!"

Alikuwa hajawahi kunifokea tangu azaliwe. Nikakaa. Akamgeukia mtahini. "Mwalimu, naomba dakika moja nivizoee vibao hivi."

Akavibonyeza vile vitatu kimoja kimoja, taratibu hadi visitoe sauti, kisha vitoe sauti ndogo, kama mtu anayepapasa jino bovu. Akaanza upya. Kidole kilisahau mara moja tu.

Jioni majina yalibandikwa mlangoni. Lake lilikuwa la pili.

Nikaanza kumtukana muuza vinanda, ukoo wake na kaunta yake. Mjukuu hakunisikiliza. Alikwenda kwa karani akauliza chumba cha mazoezi kinafunguliwa saa ngapi, na kama asiye mwanafunzi anaruhusiwa. Karani akajibu anaruhusiwa, asubuhi.

"Mama, nitakusindikiza kila asubuhi," nikasema.

"Utabaki nyumbani, babu."

Akatangulia. Nilipomkaribia akaongeza mwendo, basi nikatembea nyuma yake njia nzima, nimebeba mkoba wake, nikimtukana mtu mmoja tu sasa, naye hakuwa muuza vinanda.